Bana Kabla ya Kugonga: Zana za Kupunguza Mawe ya Maonyesho

Vijana wanaoanza kuandaa mawe ya maonyesho wakiniuliza wanunue nini, wengi tayari wameshaamua: grenda, ile mashine ya diski ya kukatia na kusaga. Mimi huwaambia grenda iwe ya mwisho, na kama mfuko hauruhusu, isiwepo kabisa. Mtu anayenunua jiwe la kuweka kabatini anataka fuwele, yaani lile jiwe safi lenye pande zake za asili, ikiwa imekaa kwenye mwamba wake. Akiligeuza akakuta mgongo umekatwa bapa na diski, bei inashuka hapo hapo.

Kazi yetu ni kuondoa mwamba uliozidi bila kuigusa fuwele. Nyundo ni mbaya kwa hilo, maana pigo haliishii pale ulipogonga. Mtikisiko unapita jiwe zima ukitafuta palipo dhaifu, na kwa tanzanite ya Mirerani palipo dhaifu mara nyingi ni fuwele yenyewe. Ugumu wake ni 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, si haba, lakini kuna upande mmoja ambao inapasuka kwa wepesi wa ajabu, laini kama kioo. Rubi ya Longido, ile iliyolala ndani ya mwamba wa kijani wa madini ya zoisaiti, ina ugumu wa 9 na unaweza kuthubutu zaidi. Hata hivyo, ikague kwa tochi kwanza. Rubi nyingi zina nyufa zake tangu ardhini.

Kwa hiyo zana ninayoithamini kuliko zote ni ya kubana. Ng'ambo zinauzwa zikiwa tayari, kwa bei ya kukatisha tamaa. Huku fundi wa kuchomelea anakutengenezea: fremu ya chuma kinene, jeki ya chupa ya gari, na meno mawili ya patasi yaliyokatwa kwenye springi kuukuu ya lori, moja juu na jingine chini. Msimamie fundi kwenye jambo moja tu, meno yatazamane sawasawa. Yakipishana hata kidogo, jiwe linajizungusha na kumeguka usikotaka.

Ukishaliweka jiwe, pampu mpaka meno yashike, kisha acha. Angalia fuwele iko upande gani, rekebisha, funika kwa gunia, usikae usawa wa meno. Pampu nusu, subiri. Pampu nusu tena. Mwamba huweza kukaa kimya kwa muda, halafu ukasikia "ka!" wakati hata mkono haupo kwenye jeki. Wenye haraka huongeza nguvu katika ukimya huo, na ndio wanaookota vipande. Toa kidogo kidogo kutoka pembeni; ukibana katikati ya jiwe kubwa, umeacha ufa ujichagulie njia.

Nyundo bado unaihitaji. Tafuta ya jiolojia, kichwa na mpini chuma kimoja, kama zile za Estwing. Nyundo ya seremala iache kwenye misumari, kwani uso wake ukigonga tindo unaweza kurusha kipande cha chuma, na jicho halina spea. Miwani ya kazi basi, kila mara. Kichwa cha tindo kikianza kuchanua kama uyoga, kinoe kirudi kilivyokuwa. Jiwe lilaze juu ya mfuko wa mchanga, chora mstari kulizunguka, gonga polepole ukiufuata, zungusha, rudia. Sikiliza: jiwe zima linalia, na ufa ukianza sauti inafifia.

Grenda naitumia kwa mwamba mgumu tu, nikichimba mfereji mfupi kwa chini, kisha jeki inamalizia ili sehemu inayoonekana ibaki na mvunjiko wa asili. Vumbi lake si la mzaha. Kwazi, madini yaliyomo kwenye miamba mingi, ikisagwa inatoa vumbi laini la silika linalokaa kwenye mapafu moja kwa moja, na wachimbaji wanaoitwa kupimwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, wanalijua hilo. Kitambaa puani hakitoshi. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, kazi ifanyike nje. Wala usimwagie maji grenda ya kawaida ya umeme.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, navigusia kidogo. Mawe ya tabaka hupasuliwa kwa patasi pana nyembamba, ukigonga ubavuni kwenye mstari wa tabaka, na nusu zote mbili zinatunzwa. Ila Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Ukikuta mfupa uliogeuka jiwe korongoni, uache ulipo, piga picha, toa taarifa. Hiyo si bidhaa.

Mwenye fedha ya zana moja aanze na jeki. Iliyotumika inafaa, lakini ijaribu dukani: ipandishe ikiwa imebeba uzito, uiache dakika kadhaa. Ikishuka yenyewe, mafuta yanavuja ndani, na utakuwa unapampu ukidhani jiwe ndilo linalokataa.