Baiskeli isiyo na friwili kati ya baiskeli za gia

Swali: Ninaendesha baiskeli ya gia moja isiyo na friwili, yaani kifaa kinachoacha gurudumu la nyuma lizunguke pedali zikiwa zimetulia; ina meno 48 mbele na 16 nyuma. Kila Jumapili tunatoka Nairobi kwenda Limuru, na wenzangu wana baiskeli za mbio zenye gia nyingi. Tambarare tunakwenda sambamba, lakini mlimani ninawaacha bila kukusudia, na tukirudi wao wananipotea. Je, ninunue baiskeli nyingine?

Jibu: Hapana, kwani unachokieleza kinatokana na hesabu wala si udhaifu wa miguu yako. Meno 48 kwa 16, pamoja na tairi la kipimo cha 700 kwa 25 ambalo mzingo wake ni karibu mita 2.1, yanakupa mita 6.3 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa kilomita 30 kwa saa unazungusha mara 79 kwa dakika, kiasi ambacho mwendeshaji yeyote mzoefu hukimudu. Mpando mkali ukikushusha hadi kilomita 12 kwa saa, unabaki na mizunguko 32 tu, ilhali mwenzako aliyeweka meno 34 mbele na 28 nyuma anazungusha 78 akiwa ameketi. Kwako kwenda polepole ndiko kunakochosha zaidi, kwa hiyo unasimama juu ya pedali na kuwatangulia. Kubalianeni mahali pa kusubiriana, basi.

Mteremko ndio unaonitia wasiwasi. Kwa kilomita 50 kwa saa miguu yako inalazimika kuzunguka mara 132 kwa dakika wakati wenzako wameacha kabisa kukanyaga, na kwenye kona huwezi kuinua pedali ya ndani isiguse lami. Usiwafukuze. Tena, kwa kuwa unapunguza mwendo kwa kukaza miguu, aliye nyuma yako haoni dalili yoyote kabla hajakukaribia mno. Shika nafasi ya mwisho. Breki ya mbele ni ya lazima, maana miguu huzuia gurudumu la nyuma pekee, nalo hupungukiwa na uzito pale pale unapofunga breki.

Ningekushauri utafute gurudumu la nyuma lenye habu (kitovu cha gurudumu) ya pande mbili: upande mmoja sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) iliyokazwa, wa pili friwili, zote za meno 17. Idadi ikiwa sawa, gurudumu hurudi karibu mahali pale pale na mnyororo hubaki na ulegevu wa takriban sentimita moja. Mbinu hii ni ya zamani. Hadi Tour de France iliporuhusu vibadilisha gia mwaka 1937, washindani walishuka na kugeuza gurudumu kando ya barabara. Wewe utaligeuza Limuru, kwa spana ya 15, kisha utateremka ukiwa umetuliza miguu kama wenzako. Ila kabla ya hapo weka breki ya nyuma kwenye baiskeli, kwa sababu ukiwa kwenye friwili miguu haizuii chochote.