Fungu la jikoni na fungu la sokoni

Tangu niandike juu ya wanawake wa kambi za wakimbizi wanaovamiwa wakienda kuni, ujumbe unamiminika. Leo najibu watano. Majina nimeyaacha, sababu mnaijua.

*Shikamoo mama. Niko kambi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, nina watoto wanne. Tulipewa jiko banifu, tukaambiwa porini basi. Mbona bado tunakwenda?*

Marahaba mwanangu. Mnakwenda kwa sababu kuni si za kupikia tu. Mama mmoja alifungua tita lake mbele yangu, akaligawa: fungu dogo jikoni, fungu kubwa sokoni. Hilo kubwa ndilo chumvi, sabuni na pedi za binti yake. Jiko banifu linapunguza lile dogo. Hilo la sokoni haliligusi hata kijiti.

Ndiyo maana wenye miradi nawachosha kwa swali moja: na kipato je? Mkimbizi wa Kigoma haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Mpango wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wa kuwapa watu fedha badala ya chakula ulisimamishwa mwaka 2017. Mtu umfungie njia zote za shilingi, kisha ushangae kumwona njiani na panga na ngata?

Lakini jiko usilitupe. Maharage yaloweke usiku kucha. Kuni zipasue nyembamba, zianike, maana kuni mbichi hula muda na macho. Sufuria ifunike, na ikishachemka vizuri ihamishie kwenye kapu lililoshindiliwa blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba. Wali utaivia humo bila moto. Mdomo wa jiko la udongo ukipasuka, uzibe siku hiyohiyo. Nimeona majiko mengi yamekufa kwa ufa wa kidole kimoja, wenyewe wakarudi kwenye mafiga. Ukiokoa safari moja kwa wiki, hiyo ni safari moja ambayo hakuna wa kukuvizia.

*Sisi wa kambi ya Kakuma, Kenya, tunagawiwa kuni. Hiyo si dawa tosha?*

Ni dawa, ila haimalizi ugonjwa. Kambi za Dadaab, hukohuko Kenya, walijaribu mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya wanawake wa Kisomali kubakwa vichakani kwa muda mrefu. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, likaanza kugawa kuni. Tathmini ya mwaka 2001 ilikuta kwamba kuni zikigawiwa, ubakaji wa njiani kwenda kuni ulipungua, lakini ubakaji wa mahali pengine ukaongezeka. Mhalifu alihama tu. Kwa hiyo gaweni kuni, lakini taa, doria na mahakama bado vinahitajika.

Halafu hapo kwenu mgao ukiisha, watu hutoa unga wao wapate kuni au makaa kwa akina mama wa Kiturkana. Yule anayekuuzia naye katembea mbali peke yake. Mwulize anapita wapi, utasikia hofu ileile. Mathenge, ile miti vamizi ya miiba, yamejaa huko, na kuyakata hakuna anayelia. Vikundi vya wenyeji na wakimbizi vikiyageuza makaa pamoja, wote wanapata kitu karibu na nyumbani.

*Mimi ni mwanaume, nilikuwa kambi ya Bulengo, Goma, Kongo. Watu wanatusema: kwa nini mnawatuma wake zenu kuni?*

Kaka, nimelisikia jibu lenu chungu: mwanaume akikutwa na wenye silaha anauawa, mwanamke "anarudi". Mwaka 2023, wengi wa wanawake waliotibiwa na Madaktari Wasio na Mipaka baada ya kubakwa katika kambi za pembeni mwa Goma walisema walivamiwa wakitafuta kuni au chakula. Sitawahukumu mliopiga hesabu hiyo mkiwa na njaa. Ninachoomba ni kimoja: akirudi, asikute mlango umefungwa. Wako waliofukuzwa na waume haohao waliokuwa wakingojea kuni.

*Nilianza kuuza maandazi hapa kambi ya Nduta, Kigoma. Mume wangu ananipiga akitaka hela.*

Pole sana, dada. Hapa ndipo miradi mingi hujikwaa: mama anapewa mtaji Jumatatu, hakuna aliyezungumza na baba, Jumamosi mama ana jicho jeusi.

Hela isilale nyumbani. Jiunge na kikundi cha kuweka na kukopa, vile vya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Hisa yako ikishaingia, hata ukibanwa huna cha kutoa, na unasema kweli. Kiongozi wa kikundi mweleze yanayokupata. Vikundi vingine hukubali fungu la faida likae mpaka siku ya kugawana. Kipigo hicho usikiite ugomvi wa nyumbani. Nenda kwa wahudumu wa ukatili wa kijinsia kambini, hata kama hutaki kumshtaki. Kusikilizwa hakukulazimishi kufungua kesi.

Na mnaofanya kibarua mashambani kwa watu: bei mkubaliane kabla ya jembe kugusa ardhi, tena mkiwa wawili au zaidi. Bosi anayesema "malipo njoo uchukue jioni kwangu" mwache na shamba lake.

*Mdogo wangu amebakwa jana akitoka kuni. Anaogopa polisi. Nifanye nini?*

Acha kusoma, mpeleke hospitali sasa. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Za kuzuia mimba zinafanya kazi mpaka siku 5. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa pia, na chanjo ya homa ya ini. Matibabu kwanza, polisi akiamua mwenyewe. Kama hajaoga, asioge kwanza. Kama ameoga, aende vilevile. Nguo zifunge kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Mlio Kenya, namba 1195 haina malipo.

Usimwulize alipita njia gani wala alivaa nini. Beba khanga ya ziada, maana nguo zake huenda zikabaki huko kama ushahidi.