Milinganyo ya parameta: kwa nini mchoro unapita sehemu moja mara mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini x = t² − 1 na y = t³ − 4t zinatoa mchoro unaojikata, wakati ulifundishwa kwamba kila x ina y yake moja tu. Sharti hilo ni la fankisheni. Hapa y haitokani na x. Zote mbili zinatokana na t, ambayo ndiyo parameta, kila moja kivyake. Kwa hiyo nukta inaweza kabisa kurudi pale ilipokwisha kupita.

Nimefundisha mada hii muda mrefu, na wengi wanaokwama wanakimbilia kuiondoa t kabla hawajachora chochote. Ichukulie t kama muda, kisha tengeneza jedwali la t, x na y. Anza na t = −3, ishia 3, ukipanda moja moja. Utapata (8, −15), (3, 0), (0, 3), (−1, 0), (0, −3), (3, 0), (8, 15). Unaona (3, 0) imejitokeza mara mbili? Kwanza t ikiwa −2, tena ikiwa 2. Unganisha nukta kwa mpangilio wa t, si kwa ukubwa wa x, na uweke mishale. Ukipanga kwa x utapata zigizaga isiyo na maana. Nukta inatoka chini kulia, inapanda kuelekea kushoto, inazunguka kitanzi kupitia (−1, 0), kisha inatokea juu kulia.

Sasa mteremko. Gawanya kasi ya y kwa kasi ya x, yaani jinsi kila moja inavyobadilika t inapobadilika: (3t² − 4) ÷ 2t. t ikiwa −2 unapata −2; ikiwa 2 unapata 2. Nukta moja, tanjenti (mistari inayougusa mchoro kwa mteremko wake pale) mbili! t ikiwa 0, asili ni sifuri na kiasi ni −4, basi pale (−1, 0) tanjenti imesimama wima. Wala usidhani kilele cha kitanzi ni (0, 3). Mteremko unakuwa sifuri t² ikiwa 4/3, yaani x = 1/3, na y inafika takriban 3.08. Jedwali la namba nzima peke yake lingekuficha hilo.

Kuondoa t kunawezekana: y² = (x + 1)(x − 3)². Lakini mlinganyo huo hausemi nukta ilianzia wapi wala inaelekea wapi. Hatari zaidi ni x = sin t, y = sin² t. Ukiondoa t unapata y = x², unachora parabola nzima, kumbe x haivuki −1 wala 1; nukta inakwenda na kurudi kwenye kipande kile kile.

Ukitumia Desmos, programu ya kuchora grafu, t huanzia 0 na kuishia 1 mpaka uibadilishe mwenyewe, kwa hiyo weka −3 hadi 3. Na ukichora cos t na sin t kwenye kikokotoo, t kutoka 0 hadi 6.28, ukaona kijitao badala ya duara, basi kiko kwenye digrii. Kihamishie kwenye radiani.