Tairi ya nyuma kuhepa ukipanda mlima na baiskeli ya gia moja: venye niliimaliza hii shida

Ndugu uliyeuliza kuhusu tairi ya nyuma kuhepa ukipanda kilima cha Riat na mountain baiki yako ya gia moja, ati unakaza nati mpaka mkono unauma na bado tairi inakuja kugusa fremu upande wa kushoto, pole sana. Hiyo shida niliishi nayo miezi mingi hapa Nakuru. Naona karibu wote wamekujibu "kaza zaidi", na hiyo "kaza zaidi" ndiyo iliniulia ekseli (ile fimbo ya chuma ya katikati ya tairi), kwa hivyo acha nikueleze pole pole.

Kwanza uelewe kwa nini ni kushoto kila mara. Cheni iko kulia, sasa ukikanyaga inavuta ule mwisho wa kulia wa ekseli kwenda mbele, na kulia ikienda mbele tairi inageuza uso kushoto. Na hiyo nguvu si kidogo. Piga hesabu ya mtu wa kilo 70 amesimama kwa pedali moja, krenki (ule mkono wa pedali) ni ya milimita 175, gia ya mbele iko na meno 32, cheni hapo inavutwa kama imebeba kilo 190 hivi. Halafu watu hufikiri wakiweka gia ndogo mbele ndio mlima uwe rahisi watakuwa wameokoa ekseli, kumbe gia ya mbele ikiwa ndogo cheni inavutwa zaidi kwa kanyago lile lile. Baiskeli ya gia nyingi haisumbuki hivi kwa sababu mdomo wa fremu, pale ekseli inaingia, unaangalia chini, ekseli haina pa kwenda. Yetu mdomo umelala ndio tuweze kukaza cheni, kwa hivyo kitu kinashikilia tairi ni ile kubanwa peke yake.

Mimi barabara yangu ni kupanda Menengai kutoka upande wa Milimani, mji uko kama mita 1,850 na ukingo wa kreta unafika 2,278, sasa hapo katikati unasimama kwa pedali mara nyingi sana. Kila jumamosi nilikuwa nageuza baiskeli njiani angalau mara mbili. Nikanunua nati mpya kwa duka moja mjini, nikazikaza na spana ya 15 nikiwa nimeongeza bomba ndio nipate nguvu, nati ya kulia ikafika mahali ikalegea ghafla ikawa inazunguka tu. Thredi zimekwisha.

Nilipeleka kwa mzee mmoja fundi wa hizi baiskeli za kubeba mizigo, zile blakmamba, akashika ekseli na nati akazungusha kwa vidole akaniambia hizi si za familia moja. Na ni kweli. Kuna ekseli za nyuma za milimita 10 na kuna zile za zamani za inchi tatu kwa nane, ambayo ni milimita 9.5 na kitu, na thredi zake zimekaribiana sana mpaka nati ya 10 inaingia kwa ile ya inchi bila kelele, ila inashika juu juu tu. Ukikaza inajifanya imekaza. Kwa hivyo kabla ya kitu ingine yoyote toa nati yako, irudishe kwa vidole mpaka nusu halafu uitikise. Ikicheza sana kushoto kulia badilisha, na ununue nati na ekseli pamoja ukizijaribu hapo hapo kwa kaunta.

Kitu cha pili yule mzee alinionyesha ni fremu yenyewe. Rangi ilikuwa bado iko pale nati inakalia, na rangi ni kama sabuni, ukibana inasagika na chuma kinabaki na nafasi. Alafu pale ndani kulikuwa na alama za meno za zamani, kila nikisogeza tairi nyuma milimita mbili na kukaza, washa inatafuta lile shimo lake la zamani inajirudisha. Tulipitisha tupa kidogo tu mpaka ikawa sawa, tukatoa rangi pande zote mbili za mdomo, nje na ndani. Angalia pia ile nati nyembamba ya habu (kitovu cha tairi) inayogusa fremu kwa ndani, inafaa iwe na meno. Yangu ilikuwa laini kama shilingi.

Grisi weka kwa thredi na kati ya nati na washa yake, maanake nati kavu inakudanganya, nguvu yako yote inaishia kwa msuguano wa thredi na mdomo wa fremu haubanwi. Lakini pale washa inagusa fremu pawe pakavu kabisa, futa na petroli kidogo. Nilikuwa nafanya kinyume, grisi kwa fremu na thredi kavu. Ukipata spana ya kupima, 30 mpaka 40 newton mita inatosha, bomba hauhitaji.

Kama yako si ya nati, ni ile kwiki ya kufunga na mkono, angalia kama ekseli imetokeza nje ya fremu. Ikitokeza hata kidogo, kwiki inabana ekseli badala ya fremu na hautawahi kushinda, utakaza mpaka wenzo uvunjike. Ipige tupa mpaka iwe ndani ya uso wa fremu. Na zile kwiki za kamu (kile kipande kinachobana ukigeuza wenzo) ya nje inayokalia plastiki mimi siziamini kwa gia moja, tafuta ya chuma yenye kamu imefichwa ndani, ama uhamie ekseli ya nati.

Ajasta pia weka, kama mdomo wako unaangalia nyuma. Ni ile pete inaingia kwa ekseli iko na bolti inavuta mpaka mwisho wa fremu, mafundi wa blakmamba wako nazo. Upande wa kulia peke yake inatosha. Lakini usianze na ajasta kabla ya kusafisha, nimeona mtu akiweka mbili na bado nati zake ni mbovu, bolti zikapinda.

Ukifunga, kaza kulia kidogo, sukuma mbele ya tairi iende kushoto, kaza kushoto, legeza kulia, rudisha tairi katikati, na hapo cheni inajivuta yenyewe bila kutumia nguvu. Cheni iache icheze kama sentimita moja juu chini, na upimie mahali imekaza zaidi, zungusha krenki taratibu utapaona, kwa sababu gia ya mbele huwa haiko duara kamili. Ukiikaza kama waya unaumiza beringi.

Mwisho chora mstari na maka peni kutoka kwa washa hadi fremu, pande zote mbili, halafu panda Riat. Mstari ukiachana, ekseli bado inahepa, rudi kwa rangi na nati. Lakini kama mstari uko sawa na tairi bado inagusa fremu, basi haukuwa unahepa hata siku moja, angalia koni (zile zinazoshikilia beringi za habu) zimelegea ama ekseli imepinda ndani ya habu, na hiyo spana ya nje haitaitibu. Yangu nilikaza tena mara moja baada ya safari ya kwanza ya Njoro na kurudi, na mstari wa peni mpaka sai haujaachana.