Picha ya kitu chakavu, anza kuitazama pale kilipolika

Jamani, mimi nikisema picha ninayoipenda kuliko zote ni ya viatu vilivyochoka, watu wanadhani natania. Ni ile ya Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi, aliichora Paris mwaka 1886, viatu vya ngozi, kamba zimelegea, shingo imejikunja, basi, hakuna mtu wala maua. Yenyewe iko Amsterdam, mi naiangaliaga kwenye simu, na bado hainichoshi.

Ushauri wangu: ukikutana na picha ya kitu kizee usikimbilie kuuliza inamaanisha nini, tafuta kwanza mkono au mguu wa mtu umekila wapi. Uzuri wake umekaa hapohapo. Huyohuyo Van Gogh mwaka 1888 akachora kiti chake cha mbao, cha kawaida kabisa, juu yake kaweka tumbaku na kiko cha kuivutia, ukikiangalia unahisi mwenyewe katoka sasa hivi. Na kuna Giorgio Morandi wa Italia, yule alichora chupa na mitungi ileile miaka nenda rudi, vumbi analiacha litulie juu yake, alikuwa analitaka kwa sababu linaupooza mwanga.

Sasa njoo huku kwetu Mwanza. Wachoraji wengi wanauza twiga na jua likizama nyuma ya mawe ya Bismarck pale ziwani, sawa, ni pazuri, ila nani anachora karabai, taa ya mafuta ya kupampu? Zile za wavuvi wa dagaa, kabla taa za betri hazijashika ziwa. Ukiipata moja hata kwa wauza vyuma chakavu ikalishe dirishani asubuhi, mwanga uje kwa ubavuni, halafu angalia kile kitufe cha pampu: pote pamefifia lakini pale dole gumba lilipokuwa linasukuma usiku kucha shaba imelainika inang'aa. Mimi pale ndo huwa nanyamaza kabisa.

Kama unataka kuichora au kuipiga picha usiisugue na stilwaya, utaondoa kila kitu, na flashi izime. Masizi usiyapake rangi nyeusi tupu, changanya bluu na kahawia, yatapumua. Ukimaliza mchoro usiupake vanishi ya kung'aa maana ukiutundika sebuleni utaona mwako wa dirisha tu, masizi huyaoni tena.