Bakshishi baada ya masaji Kampala

Dada, umeuliza kama ni lazima kumpa bakshishi anayekukanda ukienda spa hapa Kampala, na kama ndiyo, shilingi ngapi. Lazima haipo. Hatuna kiwango kilichozoeleka kama Marekani, ambako watu huacha asilimia 15 hadi 20. Ila ukiridhika toa kitu, na asilimia kumi inatosha kabisa: masaji ya 100,000, mpe 10,000.

Soma risiti kwanza. Hoteli nyingine huongeza gharama ya huduma. Ile asilimia 18 ya VAT ni kodi, mhudumu haioni hata senti.

La muhimu zaidi kwangu ni hili: mpe mwenyewe, mkononi. Ukiiacha mapokezi huna hakika itamfikia. Na kazi yenyewe ni ngumu jamani! Saa nzima kasimama, kainama, vidole gumba vinachimba mabega yako, ukitoka tu anatandika shuka jingine kwa mteja anayefuata. Huna noti ndogo? Muombe namba umtumie kwa simu, na tafadhali weka na ya kutolea.