Jackie Chan hakuwa amezeeka, suti ndiyo ilimfanyia kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini The Tuxedo, filamu ya Hollywood ya mwaka 2002, inachosha wakati ina pesa ya kutosha na Jackie Chan ni yule yule. Wengi waliokujibu wamesema mzee alikuwa keshachoka. Mimi hilo la umri nalipinga, na nitalipinga kwa kirefu kidogo, maana picha hizi nimekua nazo.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, huko Temeke. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na deki: narudisha mikanda nyuma, nasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, na mjomba akitoka nakusanya hela mlangoni. Mkanda wetu wa Police Story, filamu ya Jackie ya mwaka 1985, ulikuwa mzima kote isipokuwa sehemu moja. Ni kule mwishoni, ndani ya jengo la maduka, Jackie anaporuka kutoka ghorofani, anaidaka nguzo iliyozungushiwa taa, anateremka nayo huku taa zinapasuka, kisha anatoboa paa la vioo na kutua chini. Ukifika hapo unaona chenga tupu na mistari, kwa sababu watu walikuwa hawakubali ipite mara moja. "Dogo, rudisha!" Narudisha. "Tena!" Narudisha tena. Na kumbuka filamu yenyewe inaurudia mruko ule mara tatu, kila mara kamera ikiwa upande mwingine. Bado haikuwatosha. Sehemu za bastola hakuna aliyewahi kuomba nizirudishe.

Nimeanzia hapo kwa sababu jibu la swali lako liko pale. Watu walikuwa wanaomba kumwona mtu mmoja, mwili mmoja, akitoka juu mpaka chini bila picha kukatwa. Hawakuwa na habari kwamba lile jengo la Tsim Sha Tsui kule Hong Kong lilikuwa linafanya biashara mchana, kwa hiyo wapigapicha walilipata usiku tu. Hawakujua kwamba zile taa zilikuwa zimechomekwa kwenye umeme wa kawaida, na kwamba aliungua viganja. Lakini macho yao yalijua. Macho hayadanganyiki kwenye jambo kama lile.

Jackie hakuwahi kuwa stelingi asiyeguswa. Bruce Lee alikuwa hivyo, anasimama katikati na watu wanaanguka pembeni yake, na alikuwa mkubwa kwa namna yake. Jackie alichagua njia nyingine: anaanza kwa kukimbia. Akibanwa anachukua kilicho karibu, kiti, ngazi, benchi, rafu ya duka. Akipiga ngumi nzito anaukung'uta mkono kwa maumivu, na kibanda kizima kinacheka, kwa sababu kila mtu pale alishawahi kupiga kitu kigumu akaumia. Vichekesho vyake vilitoka kwenye mwili. Ndiyo maana alieleweka Temeke bila mtu yeyote kujua Kikantoni, na ndiyo maana watafsiri wetu wa filamu, na DJ Afro kule Kenya, walipata nafasi ya kujaza maneno yao juu yake. Hadithi ilikuwa tayari imeshasemwa na mikono na miguu.

Ufundi huo aliupata utotoni, kwenye shule ya opera ya Peking ya mwalimu Yu Jim-yuen mjini Hong Kong, alikosoma pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao. Sarakasi, uimbaji, silaha, yote kwa mdundo wa ngoma na matoazi. Tazama pambano lake lolote la miaka ya 1980 ukiwa umezima sauti na utauona mdundo wenyewe: piga, piga, kinga, kaa kimya kidogo, piga.

Sasa ichukue The Tuxedo. Jackie ni Jimmy Tong, dereva wa teksi anayeajiriwa kumwendesha tajiri mmoja ambaye kumbe ni jasusi. Bosi analipuliwa na kuzimia, na Jimmy anaivaa suti yake. Suti ina mitambo. Unachagua kwenye saa ya mkononi unataka ikufanyie nini: ipigane, icheze muziki, ipande ukuta. Kuna sehemu anamwangusha James Brown kwa bahati mbaya, James Brown mwenyewe, kisha inabidi apande jukwaani kuimba badala yake.

Mkuu, umeona walichofanya? Wamemchukua mtu ambaye dunia nzima inamlipa kwa sababu anafanya mwenyewe, wakatunga hadithi ambamo hafanyi yeye. Anaporuka ni suti imeruka. Anapopiga ni suti imepiga. Ukimtilia kompyuta na waya huwezi kulalamika, kwa sababu hadithi yenyewe imeshakwambia kwamba ni mashine. Hapo hata angekuwa na miaka 25 isingesaidia kitu. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na lilifanyika kwenye karatasi kabla kamera haijawashwa.

Halafu njoo kwenye uhariri, eneo ambalo nalijua kwa sababu ndiyo riziki yangu siku hizi, nahariri video za harusi na matangazo madogo. Niliwahi kuiweka The Tuxedo kwenye kompyuta, nikawa naisogeza fremu kwa fremu, kisha nikafanya vile vile kwa Police Story. Kwenye ile ya Hong Kong kamera imekaa mbali, imetulia, anayepiga na anayepigwa wako kwenye picha moja kuanzia kichwani hadi miguuni. Mkato unakuja baada ya pigo kufika, na mara nyingi ile picha ya pili inarudi nyuma fremu chache, kwa hiyo pigo unaliona kama limetua mara mbili. Huo ni ujanja mdogo sana, lakini mwili wako unalihisi. Kwenye ile ya Marekani kamera imesogea karibu, inatikisika, na mkato unaingia ngumi ikiwa bado njiani. Unaona mkono unaondoka, halafu unaona mtu anaanguka. Katikati hapo hakuna kitu. Uhariri wa namna hiyo huwasaidia waigizaji wasiojua kupigana. Kumhariri Jackie Chan hivyo ni kama kumpigia Mbaraka Mwinshehe gitaa kwa kompyuta na yeye yupo studio.

Suala la tatu ni muda na bima. Kule Hong Kong Jackie alikuwa mwigizaji, mwongozaji na mtunga mapigano kwa pamoja, akiwa na timu yake mwenyewe ya waruka hatari waliomzoea mpaka pumzi. Pambano moja lingeweza kula wiki nyingi, na likikataa wanarudia mpaka likubali. Hollywood ratiba inapangwa na studio, kampuni ya bima inamkataza nyota wa filamu kuruka ghorofani, na pambano linapewa siku zake chache kisha watu wanahamia kwenye mazungumzo. Mwongozaji wa The Tuxedo, Kevin Donovan, alikuwa anatoka kwenye matangazo ya biashara. Zaidi ya dola milioni 50 za bajeti na bado hapakuwa na kile kitu kimoja ambacho Jackie alikuwa nacho bure nyumbani, yaani muda wa kukosea.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1980 walimpeleka Marekani kucheza The Big Brawl chini ya Robert Clouse, aliyekuwa ameongoza Enter the Dragon ya Bruce Lee. Walitaka Bruce Lee mwingine, ikabuma. Mwaka 1985 akacheza The Protector, wakamfanya polisi mkali mwenye bunduki. Yeye mwenyewe hakuridhika hata kidogo, akapiga upya baadhi ya sehemu na kuihariri upya kwa ajili ya soko la Asia, kisha mwaka huo huo akatengeneza Police Story kuwaonyesha filamu ya polisi inavyofanywa. Hebu tafakari hilo. Ile filamu iliyochakaza mkanda wetu ilizaliwa kutokana na hasira yake dhidi ya Hollywood.

Nimeona mchangiaji mmoja anauliza, mbona Rush Hour ilifanikiwa? Ilifanikiwa kweli, 1998 iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani, na mimi naipenda. Lakini ukiitazama vizuri, injini ya ile filamu ni mdomo wa Chris Tucker, mchekeshaji anayecheza naye. Jackie anakuwa mtu wa pembeni anayepigana vizuri katikati ya maneno. Mwenyewe ameshasema hadharani zaidi ya mara moja kwamba hakuikubali sana. Mafanikio yale ndiyo yaliyowafundisha studio somo baya: mpe Jackie mwenzake wa kuongea, punguza mapigano, ongeza bajeti. Mwisho wa njia hiyo ni Around the World in 80 Days ya mwaka 2004, dola milioni 110 zilizotumika, na makusanyo hayakufika hata huko.

Nisiwe mkali kupita haki. Shanghai Noon ya mwaka 2000 ni filamu nzuri. Kuna pambano anafunga kiatu cha farasi kwenye kamba na kukizungusha kama silaha, na pale unamwona Jackie halisi, kitu cha kawaida kimeokotwa kikawa hatari na kikachekesha. Shanghai Knights ya 2003 nayo ina lile pambano la miavuli sokoni. Waongozaji wa filamu zile mbili walimwachia nafasi, na nafasi ilitosha. Kwa hiyo tatizo halikuwa Marekani kama nchi, wala vichekesho. Lilikuwa ni nani anaamua kamera ikae wapi.

Kuhusu umri, ushahidi uko wazi. Jackie amezaliwa Aprili 1954, The Tuxedo aliicheza akielekea miaka 48. Miaka miwili baadaye akarudi Hong Kong akacheza New Police Story na mwongozaji Benny Chan, akiwa na miaka 50. Ndani yake kuna basi la ghorofa linaloshuka barabarani bila dereva, kuna kuteremka ukuta wa jengo refu, na kuna kitu ambacho Hollywood hawakuwahi kumwomba: analia. Anacheza mpelelezi mlevi aliyepoteza kikosi chake chote, na unamwamini. Mtu aliyechoka hafanyi filamu ile.



Ushauri wangu, mkuu: usiishie kwenye hiyo The Tuxedo ukadhani umemwona Jackie. Tafuta Project A ya 1983 uone anavyoanguka kutoka kwenye mnara wa saa, kisha Police Story, kisha Drunken Master II ya 1994 ambayo pambano lake la mwisho kwangu ndilo bora kuliko yote aliyowahi kucheza. Ukipata nakala yenye Kikantoni chake cha asili chukua hiyo, achana na zile zilizokatwa kwa ajili ya soko la Marekani, maana wameondoa vipande na kubadilisha muziki. Na ukishaziona njoo hapa utuambie, nitakuwa nafuatilia.